Anayebeba Tawi Hasemi

Watu wa kwetu KwaNgcengeni wanawaheshimu sana wafu. Walio hai ndio wanaokiona cha moto.

Kaka yangu Muziwandile alipotoka gerezani kwa kifungo cha nje, hakuna aliyemrushia jiwe. Walimfanyia vibaya zaidi: walimwonea kinyaa kwa adabu. Akiingia dukani mazungumzo yanakatika, anauziwa mkate wake, na chenji inawekwa juu ya kaunta, si mkononi mwake. Kanisani walimwachia benchi zima peke yake. Jirani yetu aliniletea maziwa ya mgando kwenye kikombe cha plastiki, akaniambia nisihangaike kukirudisha. Nilimshukuru, maana nimelelewa, lakini kile kikombe nilikitupa shimoni pamoja na maziwa yake.

Mimi ndiye niliyeweka sahihi ili aachiwe. Lazima awepo ndugu mwenye nyumba atakayesema, huyu atakaa kwangu, na katika ukoo mzima wa Mhlongo nilipatikana mimi tu, Bajabulile, mdogo wake wa kike. Bwana Govender, afisa anayesimamia watu wa kifungo cha nje, alikuja kukagua. Akakaa kwenye kiti cha marehemu mama, akatusomea masharti kwa sauti ya mtu aliyeyasoma mara nyingi mno. Asilewe. Asitoke kijijini bila ruhusa. Simu ikilia apokee. Kisha akaivua miwani yake.

"Na la mwisho ndilo kubwa. Usimkaribie MaShezi. Usizungumze naye, usimtumie mtu, usimsalimie hata kwa mkono. Ukimwona njia hii, wewe pita ile. Umenielewa, Muziwandile?"

"Nimeelewa, bwana."

"Ukilivunja hili, mimi nakupenda lakini nitakurudisha ndani, na utamaliza miaka yote iliyobaki. Hapo hata mimi sina la kufanya."

MaShezi ni mama wa Lindokuhle, kijana ambaye kaka yangu alimuua. Mtoto wake wa pekee. Walikuwa kwenye arusi, wanaume wanagawana nyama. Maini ni ya wazee, kila mtu anajua, na Lindokuhle akachomoa kipande akakitia mdomoni. Muzi akamwambia rudisha. Lindokuhle akacheka huku anatafuna. Kisu cha kukatia nyama kilikuwa mkononi mwa kaka yangu, na pombe ilikuwa kichwani mwa wote wawili. Mtu mzima na akili zake alikufa kwa kipande cha maini, na mwenzake akaenda kuozea gerezani kwa kipande hicho hicho. Mimi sitalipamba jambo hilo. Lilikuwa la kijinga, na ujinga wa wanaume unaponiudhi zaidi ni pale unapokuja na kisu.

Muzi akiwa ndani, mama akaugua. Alifia hospitali ya wilaya, kwenye kitanda cha dirishani. Mwili tuliuleta kwa gari la mazishi tukauzika nyuma ya zizi. Lakini mwenyewe hakuja. Mtu akifia mbali, lazima aende mtu wa nyumbani na tawi la mkunazi, aguse kwa tawi hilo pale alipokatia roho, amwambie twende, kisha amlete njia yote akizungumza naye: tunaingia garini, tunakata kona, tunavuka mto. Na yule anayebeba tawi hasemi na mtu mwingine yeyote. Hajibu salamu, hajibu simu, hajibu matusi. Akimjibu aliye hai, aliyekufa anaachwa palepale njiani.

Baba yetu mkubwa, Mandlakayise, ndiye mkubwa wa ukoo, na yeye alikataa mama aletwe na mtu mwingine. "Ana mtoto wa kwanza wa kiume," alisema. "Atamleta akitoka." Nilimwambia nitakwenda mimi. Akaniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi anaimba. Basi mama akabaki kule wodini, na kila baya lililotupata likawa ni kwa sababu hiyo. Kuku wakifa, ni mama. Mchumba wangu akibadili mawazo, ni mama. Baba mkubwa alizipenda sana hizo habari, maana kila ikitokea moja alipata kikao cha kukalia na pombe ya mtama ya kunywea.

Sasa mtoto wa kwanza wa kiume ametoka. Nikaenda kwa Bwana Mthiyane, mwenye kiwanda cha matofali ya saruji pale njia panda. Kaka yangu alikuwa amejifunza uashi gerezani, na mikono yake ni mizuri. Mthiyane akaniambia waziwazi.

"Sina neno na mikono yake, binti yangu. Neno langu ni hicho alichokibeba mgongoni. Vijana wangu hawatakula sahani moja na mtu ambaye mama yake bado anazurura hospitali. Mleteni mama yenu nyumbani, mkosheni na huyo kijana kwa nyongo ya mbuzi, halafu Jumatatu aje. Nafasi nitaishika mpaka Jumatatu."

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Nilimkuta Muzi anakula ugali uliopoa, nikamwambia habari zote, na kwa mara ya kwanza tangu atoke nikayaona meno yake. Kisha akaacha kula.

"Baja, kabla ya hayo nataka kwenda kwa MaShezi."

"Kufanya nini?"

"Nina neno lake."

Nilipiga meza hadi kijiko kikaruka. "Neno lake kaa nalo! Kwani hukumsikia Govender? Ukimsalimia tu unarudi ndani. Umechoka kulala kitandani?"

"Aliniuliza mahakamani, Baja. Ulikuwepo."

Nilikuwepo. MaShezi alisimama katikati ya kesi, akauliza kwa sauti, si kwa hakimu bali kwa Muzi: mwanangu alisema nini? Wakili akambonyeza Muzi begani asijibu. Hakimu akaamuru mama atolewe nje. Alitolewa na polisi wawili wa kike, naye anauliza mpaka mlangoni.

"Utamjibu mbinguni," nilimwambia kaka yangu. "Hapa duniani utafyatua matofali."

Akainamisha kichwa akamalizia ugali wake. Mdomo huponza kichwa, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba mdomo huo nitaushika mimi.

Nikaomba ruhusa ya Jumamosi. Bwana Govender aliuliza kama kaka atakuwa na simu, nikamwambia simu nitaishika mimi, kwa sababu yeye siku hiyo hasemi na mtu.

"Hata na mimi?"

"Hata na wewe, bwana. Hata na rais."

Akacheka. Ni mtu mwema, Govender, na hilo ndilo linalonikera nikimkumbuka. "Sisi majivu ya baba tuliyapeleka mtoni," alisema. "Kila mtu na njia yake. Nendeni salama." Na mimi nilitoka ofisini kwake nikiwa na amani kabisa. Siku nyingine zote nilimwogopea Muzi, asije akakutana na MaShezi dukani, kisimani, kanisani. Lakini Jumamosi sikuwa na hofu. Mtu aliyebeba tawi, watu humpisha. Wanaume huvua kofia, wanawake hugeuka pembeni. Hata mlevi hunyamaza. Nilidhani tawi litamlinda kuliko karatasi zote za serikali.

Tulikwenda na pikapu ya baba mkubwa. Yeye anaendesha, Muzi dirishani na tawi lake mapajani, na kati yao nafasi tupu ya mama. Mimi nyuma, na upepo. Hospitali nesi alituelewa bila maelezo mengi, akatupeleka mpaka kwenye kitanda cha dirishani. Alilala mwanamke mwingine sasa, anakunywa uji. Alipoliona tawi akaweka bakuli chini na kusogeza miguu yake ukutani ili kupisha nafasi.

Muzi aligusa shuka kwa tawi. Sauti yake sikuitambua.

"Mama. Ni mimi, Muziwandile. Samahani nimechelewa. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Mgonjwa yule alilia. Mimi nililia. Baba mkubwa alitoka nje kuvuta sigara.

"Mama, tunashuka ngazi, shika ukuta. Mama, tunatoka nje, kuna jua. Mama, tunaingia garini." Njia nzima namsikia kupitia dirisha la nyuma, anamwonyesha kila kitu kama mtoto anayemrudisha mzazi kipofu. Mama, hili duka ni jipya. Mama, hapa tunakata kona. Baba mkubwa hakuizima sigara hata na mke wa mdogo wake kando yake.

Mama alipoondoka nyumbani mara ya mwisho aliondoka kwa miguu, maana gari la wagonjwa halikuweza kushuka njia yetu wakati wa mvua. Kwa hiyo ilibidi arudi kwa miguu. Pale barabara ya lami inapoishia Muzi alishuka, akalishika tawi kwa mikono miwili, akaanza kutembea. Alitembea polepole mno. Mama alikuwa na magoti mabovu, na Muzi alikuwa akimsubiri kila hatua. Mimi nilifuata nyuma yake, na pikapu nyuma yangu.

Watu wakapisha. Yule mwenye duka anayeweka chenji juu ya kaunta alitoka nje akavua kofia. Jirani wa kikombe cha plastiki aligeuka pembeni akafunika uso kwa kanga yake. Niliona kaka yangu anaheshimiwa, nikavimba kichwa. Nilijisemea moyoni, imekwisha. Jumatatu huyu ni mtu.

Kisha tukafika kwenye daraja dogo la zege, pale kwenye kijito, na MaShezi alikuwa amekaa juu ya jiwe.

Kila mtu kijijini alijua tunamleta mama siku hiyo, wengine walikuwa tayari kwetu wanasubiri mbuzi. Yeye hakwenda kwetu. Alikuja akakaa mahali ambapo lazima tupite. Alijifunga shali ya kijivu, amevaa viatu vyake vya kanisani. Alipotuona alisimama, akaja akatembea bega kwa bega na kaka yangu.

"Hujambo, Muziwandile," alisema.

Kuna mwanamke alikuwa anafua kule chini kijitoni. Nguo ilimponyoka mkononi. Hakuna mtu anayemsalimia mwenye tawi. Hakuna.

"Mama," nilimwambia, "tafadhali. Amebeba tawi."

"Naona. Sina makengeza."

"Mama, sheria inakataza."

"Inamkataza yeye. Mimi sikuweka sahihi popote." Hata hakunitazama. "Njia hii ni ya serikali, binti, natembea zangu."

Muzi alitazama mbele. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Angeweza kukimbia, lakini kukimbia ni kumwacha mama. Kurudi garini ni kumwacha mama. Kulitua tawi ni kumwacha mama. Ilibidi atembee tu, mwendo wa magoti mabovu, na MaShezi naye akapunguza mwendo.

"Kumbe MaCele yuko hapa," alisema, akichungulia pale penye nafasi tupu kando ya kaka yangu. MaCele ndiye mama yetu. Waliimba kwaya moja miaka mingi, mpaka ile arusi. "Karibu nyumbani, MaCele. Umebahatika. Umepata mtoto wa kuja kukuchukua. Mimi nikifia kule hospitali nani atanichukua? Niambie, Muziwandile. Wewe ndiye uliyepanga mambo yangu. Nitakaa kitandani na wagonjwa wapya watanikalia juu. Au utanijia wewe?"

"MaShezi, tosha!" nilipiga kelele.

"Halijatosha."

Niligeuka kumtazama baba mkubwa. Mzee mzima, mkubwa wa ukoo, ambaye neno lake moja lingemwondoa yule mama barabarani. Alipiga honi mara moja, honi ya woga, kisha akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Tulikuwa tumekanyaga daraja. Hapo mwenye tawi lazima aseme.

"Mama," alisema Muzi, "tunavuka kijito. Usiogope maji."

MaShezi alisimama. "Kumbe sauti unayo."

Muzi akainua mguu, akautua.

"Unayo sauti. Nilifikiri walikukata ulimi kule. Unasema na maiti, mimi niliye hai huniambii." Alipita mbele yake, akasimama katikati ya daraja. Ilikuwa uso kwa uso, tawi katikati yao, na miiba imeshika shali yake. Sasa hakuwa anabeza tena. "Sikia, mwanangu. Sikutaka uje kwangu upige magoti. Sitaki ng'ombe wa fidia. Nataka lile neno tu. Lindokuhle alisema nini? Niliuliza mahakamani wakanitoa kama kuku jikoni. Sitamwambia mtu. Naapa kwa kaburi lake, sitamwambia mtu. Unaruhusiwa kusema na wafu? Basi nihesabu mimi ni maiti. Nilikufa siku ile ile na yeye. Nisemeshe kama unavyomsemesha mama yako."

"Kaka, usiseme," nilimwambia. "Kaka, Jumatatu. Kaka, mama!"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi sijazaa. Kwa hiyo labda sikuona alichokiona Muzi kwenye ule uso. Aliliteremsha tawi kidogo, likaachia shali.

"Alisema, niitie mama," alisema.

MaShezi akamsogezea sikio.

"Alianguka nyuma ya jiko, mimi nikapiga magoti. Alinishika hapa kwenye shati. Akasema, Muzi, niitie mama. Akasema tena. Na wewe nilikuona, mama. Ulikuwa kwenye mlango wa nyuma wa jiko unasugua sufuria, umenipa mgongo. Ningepaza sauti ungesikia." Machozi yalikuwa yanamtiririka na mikono haiwezi kuyafuta. "Sikukuita. Niliogopa utaniona na kisu."

Maji yalipita chini ya daraja. Yule mfuaji alikuwa amesimama na povu mikononi.

"Nilikuwa naimba," alisema MaShezi. Hakumwambia yeyote kati yetu. "Tulikuwa tunaimba na wale wanawake."

Akajifunga shali vizuri, akatupita, akaenda zake upande wa barabara ya lami.

Kaka yangu alibaki katikati ya daraja. Alilitazama tawi. "Mama?" alisema. "Mama, twende." Akapiga hatua moja, akasimama, akageuka kunitazama kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. "Baja, sijui kama yupo."

Hapo sasa baba mkubwa alishuka garini. Wakati wote alikuwa hana miguu, sasa akaipata.

"Umesema! Mpumbavu wewe, umefungua mdomo! Umemwacha mama yako kijitoni!"

"Baba mkubwa, wewe ulikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Nyamaza, mtoto wa kike. Haya ni mambo ya ukoo."

Tulifika nyumbani na tawi ambalo hakuna aliyejua kama lina mtu. Baba mkubwa alizuia lisiingie kwenye nyumba ya bibi, mahali wanapopokelewa wafu wa ukoo. Nyongo isiguswe, alisema, huwezi kumkosha mtu ambaye amemtupa mama yake sasa hivi. Lakini wageni walikuwa wamejaa uani na pombe imeiva. Kwa hiyo akaamuru mbuzi achinjwe, si kwa ajili ya mama, bali kwa ajili ya wageni, wasirudi na njaa. Wakamchinja. Muzi alikaa nje ya zizi na tawi magotini, kwa maana hakuna aliyemwambia aliweke wapi. Maini yalipoiva yalipelekwa kwa baba mkubwa.

Govender alifika nyama haijaisha. Alikuja na polisi wawili, akavua kofia kwa ajili ya msiba asiouelewa.

"Muziwandile, leo umezungumza na MaShezi?"

"Yeye ndiye aliyemfuata!" nilisema. "Alimvizia darajani, bwana. Alimzibia njia. Waulize wote!"

Govender aliwatazama wote, na uso wake ulikuwa unaomba, Mungu ni shahidi yangu, mtu yule alikuwa anaomba apewe kisingizio. "Kuna mtu aliona? Nani alimfuata nani?"

Yule mfuaji alikuwepo. Akachungulia bakuli lake. Mwenye duka alikumbuka kuwa ana mfupa wa kunyonya. Hawa ndio waliovua kofia asubuhi, kwa ajili ya mama. Kwa ajili ya kaka yangu hawakufungua mdomo, na midomo yao ilikuwa inang'aa mafuta ya mbuzi wetu.

"Baba mkubwa," nilisema. "Sema."

Alimeza kwanza. "Mimi nilikuwa naendesha gari," alisema.

"Nilizungumza naye, bwana," alisema Muzi. Alisimama, akanipa tawi. Baba mkubwa akafoka kwamba mimi nisilishike, niliweke chini, na mimi nikamjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Kaka yangu aliingia nyuma ya gari mwenyewe, hawakumshika hata mkono. Jumatatu Bwana Mthiyane alimwajiri kijana mwingine.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikwenda kwa MaShezi. Alikuwa anafagia uwanja, mistari ya fagio imenyooka vizuri, na hakuacha kufagia.

"Uliapa," nilimwambia. "Uliapa kwa kaburi la mwanao!"

"Niliapa."

"Alikuambia ukweli. Ungeweza kunyamaza, usimwendee Govender. Nani angekulazimisha?"

"Hakuna." Alisimama, akaegemea fagio. "Nilipotoka hapa jana asubuhi nilitaka neno tu, binti. Nilivaa viatu vya kanisani. Kama angeniambia mwanangu alikufa papo hapo bila kusema kitu, ningekuja nikala mbuzi wenu, na MaCele ningemkaribisha kwa wimbo. Nilipoapa sikujua nitaambiwa nini." Akafuta kidevu chake kwa mgongo wa mkono. "Ningempakata. Unaelewa? Angekufa hata hivyo, daktari alisema, lakini angekufa nimempakata. Nilikuwa palepale nasugua sufuria ya watu na naimba."

"Ameshalipia. Miaka yote ile ameilipia."

"Aliilipia hatia ya kisu. Hii nyingine hakuna aliyekuwa anaijua." Akaanza kufagia tena, akinisogeza kwa vumbi kuelekea lango. "Mwanangu alimwomba mara mbili. Na yeye hakuniita."

Nilimchukia. Namchukia mpaka leo, na sitaki mtu aje kuniambia habari za kusamehe. Lakini lango lake nililifunga taratibu nilipotoka.

Baba mkubwa alifanya kikao chake, wakanywa, wakaamua. Mama hayuko tena hospitali, wala hajafika nyumbani. Yuko pale darajani, aliposemeshwa mtu mwingine mbele yake. Atachukuliwa kutoka hapo na mtoto wake wa kwanza wa kiume, akimaliza kifungo. Nikawaambia nitamchukua mimi, ni mwendo mfupi hata kwa magoti mabovu. Wakaniangalia tena kama mbuzi anayeimba. Tawi nimelihifadhi juu ya kabati. Majani yamekwisha, imebaki miiba.

Kila jioni nikitoka kazini nashuka njia ya kijitoni nimsalimie mama. Namwambia Muzi hajambo, hata wiki ambazo sijapata habari zake. Jana nilimkuta MaShezi. Alikuwa amekaa pembeni ya daraja kwenye kigoda, anakata mboga kwenye sinia, na kando yake ameweka kigoda kingine. Nilikuwa nimesimama kutwa nzima, miguu inawaka moto, na nilijisemea kuwa leo tutagombana tukiwa tumekaa. Nikakivuta kile kigoda cha pili.

"Usikalie hicho," alisema, bila kuinua macho kwenye mboga zake. "Mama yako amekaa. Nimemwambia asubiri tu. Mimi nitamfundisha namna ya kumsubiri mtoto."

Nikakiachia kigoda, nikabaki nimesimama.